Bikoni ya Mkebe Kwenye Ploti ya Mama Mumo

Siku hizo, ukikutana na Kyule njiani hapa Kayole, hukuwa unamsalimia mara moja. Ulingoja amalize. Mtu huyo hakuwa anatembea kama watu, alikuwa anapima. Kutoka mlangoni kwake hadi stegi ya matatu ya Spine Road ni hatua mia nne na kumi na mbili, na ukimpata kwa mia tatu hivi anakuinulia tu kidole, midomo ikicheza kama mtu anaomba. Wageni walisema ana maringo. Sisi majirani tulijua ni kazi imemwingia kwa miguu.

Kazi yake ilikuwa kushika cheni. Usifikirie cheni ya shingo. Seveya, yaani mpima ardhi, akija kupima ploti anasimama nyuma ya ile mashine ya miguu mitatu, anafinya jicho moja, anaandika namba. Sasa lazima kuwe na mtu mwingine wa kwenda na ule mwisho wa pili wa cheni, apite na matope, apite na miiba, apite na mbwa za watu, na akifika huko achimbe shimo apande bikoni ya kuonyesha mpaka. Huyo mwingine ndiye Kyule. Seveya anarudi ofisini na namba zake, Kyule anarudi nyumbani na miiba yake.

Alitoka pande za Mwala akiwa kijana, akaja kwa mjomba wake Ziwani. Mjomba alikuwa mchongaji wa vinyago vya kuuzia wazungu, na alitaka kumpa kijana kazi ya mikono. Lakini mikono ya Kyule ilikuwa na mambo yake. Akiambiwa achonge twiga anatoa kitu chenye shingo fupi na mawazo mengi. Mjomba alivumilia miezi minne, akahesabu kwenye rafu mbuzi waliotakiwa kuwa twiga, kisha akamtafutia kibarua cha wiki moja cha kukata majani mbele ya maseveya. Ile wiki moja ilikuwa haijaisha mpaka mwaka wa tisini na sita, ambao ndio ninaotaka kuusimulia.

Kama hujawahi kuangalia bikoni, usione haya, hata mimi nilikuwa nafikiri ni kipande cha jiwe kilichosahauliwa na fundi. Siku moja tulikuwa kwa Mama Mumo, kwenye hoteli yake ndogo ya chapati na githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe. Jina lake ni Nthoki, lakini hakuna aliyelitumia isipokuwa mtu wa kuandika kitambulisho. Tulikuwa tumekaa na Makokha, fundi wa kujenga, mtu wa mdomo mrefu kuliko mwiko wake.

"Kyule," Makokha akaanza, "hebu tuambie. Hiyo jiwe yenu inafanya kazi gani?"

"Siyo jiwe. Jiwe haina kazi. Hii iko na kazi."

"Kazi gani?"

"Kukaa."

Watu wakacheka hadi Mama Mumo akatoka jikoni kuangalia.

"Basi mnitafutie hiyo kazi," Makokha akasema.

"Wewe ungefutwa siku ya kwanza. Ungekaa, lakini mdomo ungetembea."

Kisha akatueleza, na hapo ndipo nilijua kwamba mtu anaweza kupenda simiti. Bikoni ya kampuni yao inaundwa kwenye yadi huko Donholm, ndani ya fremu ya mbao. Simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne, na kokoto ioshwe. Urefu futi mbili. Katikati inapita nondo ya nusu inchi kutoka juu mpaka chini, kichwa chake kikitokeza kidogo tu, na hicho kichwa ndicho ploti yenyewe inaanzia. Siyo simiti, ni ile nukta ya chuma. Juu inagongwa namba kabla haijakauka. Halafu inazikwa mpaka shingoni.

"Kwa nini futi mbili? Si hata moja inatosha?" nikauliza.

"Futi moja, mama akifunga mbuzi, mbuzi anaenda nayo. Futi mbili, mbuzi anabaki."

"Na nusu inchi ya chuma?"

"Chuma nyembamba inapinda. Ikipinda kidole kimoja hapa, kule nyuma ya ploti umeingia kwa choo ya jirani." Akapanguza sahani na kipande cha mwisho cha chapati. "Kwetu ukipanda bikoni bila kiwango, unaenda nyumbani. Hakuna barua ya kwanza, hakuna ya pili. Mimi mwenyewe nimewapeleka vijana wawili kwa bosi. Walikuwa wanakata nondo fupi."

Alisema hivyo akiwa ameinua kidevu, na sisi tukamwonea fahari, maana ni nani mwingine Kayole alikuwa na kiwango?

Shida ya Kyule ilikuwa sisi wenyewe. Bikoni ilikuwa kitu kizuri mno kuachwa kikae. Ilikuwa na uzito sawasawa wa kufunga mlango wa kuku. Ilifaa kwa ngazi ya mlangoni wakati wa mvua. Ukiipata mahali imelegea, imefukuliwa na mvua au na tingatinga, unaibeba. Hakuna aliyeona kwamba ameiba, maana haikuwa na mlango wala kufuli. Nakumbuka siku Kyule alimpata Teresiah, mke wa Muturi wa hadiwea, akisugua kisigino kwenye bikoni ya kona.

"Mama Jacky, hiyo ni mali ya serikali."

"Na kisigino ni cha nani?"

Kyule alitafuta jibu mpaka hatua ya mia nne na kumi na mbili.

Sasa huyo Muturi, mume wa Teresiah, ndiye jirani wa Mama Mumo. Ploti zao zimegusana ubavu. Muturi hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo mapema kwa sababu hadithi kama hizi watu hupenda kutafuta mbaya. Alikuwa mtu wa Murang'a mwenye duka la misumari na mabati, na alikuwa amejinyima miaka minane ili ajenge ghorofa. Ghorofa nne za kukodisha. Alikuwa na ramani ya jengo imekunjwa mfukoni mwa shati, na akikuona una dakika mbili anaikunjua.

Kati ya ploti hizo mbili, mbele karibu na barabara, kulikuwa na bikoni moja. Lakini ilikuwa bikoni ya aibu. Ilikuwa ya mviringo, ina mistari mistari ya mkebe ubavuni, haina namba, na kichwa chake cha chuma kilikuwa chembamba kama penseli. Ya nyuma ilienda zamani na mtaro wa maji taka. Kila mtu hapo alijenga kwa kufuata ile ya mviringo, na hakuna aliyeuliza.

Asubuhi moja Muturi akaingia kwa Mama Mumo kununua chai na chapati. Mama Mumo alikuwa jikoni akimenya viazi, amekaa pale alipokaa kila siku. Akainuka kuchukua kikombe, na Muturi akaona alichokuwa amekalia. Akaiweka chapati yake chini.

"Mama Mumo, hiki ni nini unakalia?"

"Ni kiti changu, Baba Jacky. Unataka kukalia?"

"Hiki si kiti." Akapiga magoti, akafuta unga na gunia. Pembe nne. Chuma katikati, nene. Namba imegongwa. Na kimeshikana na sakafu. "Mama, hii ni bikoni."

Kutoka kwa kile kiti mpaka ile bikoni ya mviringo ni futi nne na nusu, upande wa ndani wa Mama Mumo. Hata asiyejua hesabu anaona. Kama kiti ndicho mpaka, basi karibu jiko lote la Mama Mumo liko kwenye ploti ya Muturi, na kipande cha chumba cha kulala juu yake. Na jiko lile ndilo lililokuwa maisha ya huyo mama. Mume wake Nyamai, dereva wa lori, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Mtoto alisoma kwa githeri, wakala kwa githeri. Ondoa jiko, unabaki na mwanamke aliyesimama kwenye ploti.

"Hicho kiti nilikikuta," Mama Mumo alituambia, na alikuwa ameshika meza. "Nilienda nyumbani kuzaa Mumo. Niliporudi Baba Mumo amejenga jiko, ameweka sakafu, kiti kiko hapo. Sikuuliza. Mtu amekujengea jiko, utauliza kiti kimetoka wapi?"

Wazee wa ploti walikaa, wakakubaliana jambo la busara. Aitwe seveya. Atakalosema seveya, pande zote mbili zitashika. Muturi akakubali. Mama Mumo naye akakubali, na nilijua kwa nini: kampuni iliyopima Kayole ilikuwa ile ya Kyule, na Kyule alikuwa anakula kwake.

Walikuja Jumanne asubuhi. Seveya mwenyewe alikuwa Caleb, kijana ametoka chuo juzi, viatu bado vinang'aa. Sisi tukamwita injinia, akakataa mara mbili, ya tatu akaacha. Nyuma yake Kyule na mashine begani. Muturi alikuwa ameshaleta vibarua wanne wenye sururu, wamekaa kwenye rundo la mchanga wakingoja neno. Nusu ya mtaa ilikuwa imekuja kuangalia, na Makokha alikuwa amejipa kazi ya kupanga watu.

Caleb alitafuta bikoni zingine za mstari huo apime kutoka kwazo. Hakuna. Tingatinga la barabara lilikuwa limepita nazo zote. Zilizobaki zilikuwa mbali, ng'ambo ya timbo la mawe, na kupima kutoka huko kungekuwa kazi ya siku mbili na ofisi ilikuwa imempa moja. Basi akaanza kuziangalia zile mbili. Akaingia jikoni, akapima kiti upana, akagonga chuma, akasoma namba. Akatoka akichekelea kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao. Akaenda kwa ile ya mviringo, akaipiga teke kidogo na kiatu.

"Hii ni ya nani? Mtu amepika hii nyumbani."

Watu wakacheka. Kyule hakucheka. Na hapo ndipo kitu fulani kikanijia ambacho sikuwa nimewahi kukifikiria. Kyule aligombana na kila mtu juu ya kila bikoni Kayole. Lakini ile ya mkebe, iliyo hatua ishirini kutoka anapokula, hata siku moja hajawahi kuisema. Alikuwa anaipita akiangalia ng'ambo, vile mtu anampita anayemdai.

"Mzee Kyule," Caleb akasema, kwa heshima kabisa, "wewe ndiye mwalimu wa hizi vitu. Moja iko na kila kitu kwa kiwango. Hii nyingine haina hata kimoja. Nikuulize tu ili wananchi wasikie. Ungechagua gani?"

Kyule akaomba maji. Akaletewa kikombe na Mama Mumo mwenyewe, akanywa yote polepole, akamrudishia.

"Injinia anaweza kuandika," akasema Muturi.

Caleb akafungua kitabu. Na Mama Mumo? Aliingia jikoni, akaanza kushusha sufuria kutoka kwa misumari ya ukuta, moja moja, kubwa kwanza. Tulizisikia.

Sufuria ya tatu ilipogusa sakafu, Kyule akasema, "Bosi, usiandike."

"Kwa nini?"

"Ya mkebe ndiyo ya ukweli. Ni mimi niliiweka."

Kyule akavua kofia. Alikuwa anaongea akiangalia viatu vya Caleb.

"Themanini na nane. Lori ya bikoni ilikuja pungufu. Mawingu yamekuja, mashimo yako wazi, seveya wa wakati huo anasema tumalize leo. Mvua ikinyesha mashimo yanajaa, kazi ya wiki inaenda. Nilikuwa na simiti kidogo. Nilikuwa na mkebe wa mafuta ya Kimbo niliobebea chakula. Nikakorogea hapo, nikashindilia, mkebe ukaoza wenyewe. Seveya alikuwa mbali, kwenye mashine yake, aliona tu mkono wangu juu. Nikasema nitarudi wiki ijayo niweke ya kiwango." Akakunja kofia. "Wiki ijayo tukapelekwa Thika."

"Miaka minane?" Caleb akauliza.

"Miaka minane."

Muturi alikuwa ameshapata sauti. "Huyu! Huyu anakula hapa kila siku! Mnasikia? Anatetea githeri!"

"Hata mimi nakula hapa," Makokha akasema, "na sijawahi kusema uongo kwa sababu ya githeri. Kwa sababu ya chapati, labda."

"Nyamaza wewe fundi! Injinia, huyu ni shahidi wa tumbo."

Caleb alikuwa kijana, lakini hakuwa mjinga. "Mzee, chuma ya ndani ni gani? Nondo ulitoa wapi?"

"Nondo hazikuwepo. Nilichomeka mshale."

Hapo ikabidi tuelezwe. Mishale ya maseveya ni vijiti vya waya mgumu, vimekunjwa pete juu, vimefungwa kitambaa chekundu visipotee majanini. Mshika cheni anachomeka mmoja kila cheni inapoisha, ndiyo wasipoteze hesabu. Vinakuja kumi. Havipatikani dukani kwa Muturi wala kwa mtu mwingine. Kyule alikata pete ya mmoja, kichwa kibaki kama cha pini, akauzamisha, akaripoti mshale umepotea kwenye majani.

"Basi tuvunje tuone!" mtu akasema huko nyuma.

"Mkivunja mnapoteza mahali," akasema Kyule, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kukiri akainua kichwa, kama aliyeguswa kidonda kingine kabisa. "Bikoni si hii simiti. Ni mahali. Mnataka kujua ndani yake kuna nini halafu msijue ilikuwa wapi?"

Sasa angalia vile walifanya, maana mimi niliangalia mpaka nikasahau duka langu liko wazi. Kyule akapigilia vigingi vinne vya mbao kuzunguka ile bikoni, mbali kidogo, kimoja kila upande. Juu ya kila kigingi akapigilia msumari. Akavuta uzi kutoka kigingi cha huku hadi cha kule, akavuta mwingine ukakata wa kwanza. Akateremsha timazi, ile njugu ya chuma yenye ncha, na akasogeza nyuzi, akasogeza, akipuliza hewa nje ya mdomo, mpaka nyuzi zikapishana juu kabisa ya kile kichwa chembamba cha chuma. Caleb akapima, akaandika. Kisha Kyule akafungua nyuzi zote mbili na kuziweka mfukoni.

"Sasa hapo pameenda wapi?" akauliza Teresiah, ambaye alikuwa amekuja kushangilia mume wake na sasa alikuwa ameinama mbele kuliko watu wote.

"Pako hapo, Mama Jacky. Nikirudisha uzi, panarudi."

"Ala!" akasema Teresiah, na nafikiri hapo ndipo Muturi alianza kushindwa.

Makokha akapewa nyundo. Pigo la kwanza, la pili, la tatu. Simiti ya Kyule ilikuwa ngumu, kiwango kiwepo kisiwepo. La sita ikapasuka pande mbili kama nduma ya kuchemsha. Ndani, kuanzia juu mpaka chini, ulikuwa mshale, umeshika kutu, na karibu na kichwa kulikuwa na kipande cha kitambaa kimebanwa na simiti. Wekundu ulikuwa umebaki pinki.

Caleb akauokota, akaufuta, akauweka kwenye begi lake na mishale wenzake. Ilikuwa ni kama mtu anarudisha kijiko kwenye kabati.

Lakini Muturi ni mtu wa biashara, na mtu wa biashara huuliza swali la mwisho. "Nimekubali, wewe ndiye uliiunda. Hiyo haionyeshi kwamba imekaa hapo hapo miaka minane. Labda mtu aliihamisha. Zote si zinahamishwa?"

Tulimzomea, lakini Caleb akasema ana haki. Akafunga kitabu bila kuandika neno. "Tutapima kutoka timbo. Ofisi ikiniuliza, nitajibu."

Siku mbili walipima. Walianzia bikoni mbili za zamani ng'ambo ya timbo, wakashuka, wakapanda, wakapita katikati ya uwanja wa shule, wakapita kwenye korido ya mtu ambaye mke wake alikuwa anaoga. Kyule mbele na utepe. Watu waliwafuata kama harusi. Alhamisi saa kumi jioni wakaingia barabara yetu, Caleb akasimamisha mashine, akaangalia, akamwonyesha Kyule kwa mkono: kushoto, kushoto kidogo, simama. Kyule akateremsha timazi. Kisha akatoa zile nyuzi mfukoni, akazifunga kwenye vigingi vyake.

Zilipishana pembeni ya ncha ya timazi. Caleb akapima kwa rula ya shule. Robo tatu ya inchi.

"Imekaa," akasema.

Na kiti? Caleb alienda na ile namba ofisini, wakaitafuta kwenye orodha. Ilikuwa ya kona moja huko juu, ambapo barabara ilisongeshwa mwaka wa tisini, bikoni zikang'olewa na kurundikwa kando zingoje lori. Nyamai alikuwa anabeba mawe kwa lori njia hiyo hiyo, mke wake yuko nyumbani anazaa, jiko linangojea sakafu. Akaona rundo la vitu vizuri vya pembe nne vimekaa tu. Akachagua kimoja.

Mama Mumo aliposikia, alikaa chini, si kwenye hicho kiti, kwenye debe. Akacheka mpaka akajifuta macho na leso.

"Miaka yote ya ndoa Baba Mumo hajawahi kuniletea kiti. Ile siku moja ameleta, kinataka kunifukuza nyumba!"

Muturi alirudi kwenye ramani yake na kalamu ya mti. Tangu aone kile kiti, ghorofa zake zilikuwa zimehesabu zile futi nne na nusu, kwa hivyo ngazi ikahamia nje, na ni nyembamba, wapangaji wakipishana lazima mmoja avute pumzi. Vibarua wake walikula chakula cha mchana kwa Mama Mumo muda wote wa kujenga, na yeye akakaa mwezi mzima akituma mtu amletee chai. Halafu akaja mwenyewe.

Lakini Ijumaa hiyo, kabla ya hayo yote, Kyule alipanda bikoni ya kiwango kwenye lile shimo. Alikuja nayo kutoka Donholm, futi mbili, kokoto iliyooshwa. Hakuruhusu mtu amshikie. Alipomaliza kushindilia, Caleb akachuchumaa karibu naye, akaongea kwa sauti ndogo, lakini mimi nilikuwa nimesimama pale pale na masikio yangu hayana aibu.

"Mzee, lori ilikuja pungufu. Pungufu ya ngapi?"

Kyule alikuwa anafuta mikono na majani.

"Ni hii peke yake?" Caleb akarudia.

"Ziko nne, bosi."

Caleb akafumba macho.

Ofisini kulikuwa na maneno makali. Wale vijana wawili wa nondo fupi walikumbukwa, na kuna mkubwa mmoja alitaka Kyule aende njia hiyo hiyo siku hiyo hiyo. Caleb akasimama, akasema mzee akifutwa, hizo tatu zingine nani atazionyesha? Kwenye ramani zimeandikwa kama za kiwango. Basi wakampa Kyule barua: atafute zote, aweke za kweli, kwa Jumamosi zake mwenyewe, na ile ya mwisho ikikaa, kazi yake imekaa. Ikikosekana hata moja, aende Mwala.

Ya pili aliipata nyuma ya kioski cha Kavutha, muuza mkaa, ambaye alisema alijua siku zote ni ya Kimbo kwa sababu yeye hutumia Kimbo. Ya tatu ilikuwa kwenye ua wa shule. Vigingi vinne, nyuzi mbili, nyundo, mshale haukuwepo humo, ilikuwa waya wa fensi, na Kyule akaandika hivyo hivyo kwenye kitabu, waya wa fensi, bila kutafuta jina zuri zaidi.

Ya nne ndiyo imemsumbua mpaka leo. Mahali penyewe anapajua. Amepapima mara tatu kutoka pande tatu. Pako ndani ya kanisa moja la mabati, chini ya jukwaa la saruji ambalo Pasta Ndirangu husimama akihubiri. Kyule alienda kumweleza kwa adabu, na Pasta akasikiliza vizuri, akasema madhabahu haichimbwi, lakini milango iko wazi kwa kila mtu.

Kwa hivyo Kyule anaenda. Kila Jumapili yuko benchi la mbele, suti ya kahawia, Biblia mapajani, na hapepesi macho, ameangalia chini miguuni pa Pasta kuanzia wimbo wa kwanza mpaka sadaka. Kuna wakati Pasta akisogea kushoto kidogo, Kyule anainua kidole bila kujua, kama mtu anayeonyesha: hapo, simama. Pasta amewaambia wazee wa kanisa kwamba hajawahi kuona mtu amechomwa na neno namna hiyo, na sasa wanataka kumpa kazi kwenye kamati ya ujenzi. Mkutano wa kwanza ni wiki ijayo. Kuna hoja ya kupanua jukwaa, na Kyule ameshachonga vigingi vinne.